Buluu Isipauke

Asubuhi seremala alifungua karakana yake. Kabla hajashika randa, aliifuta pikapu vumbi kwa mkono wa shati. Alifanya hivyo kila siku tangu gari lije, siku kumi zilizopita.

Pikapu ilikuwa mpya kabisa, ya buluu iliyokolea. Buluu hiyo aliichagua marehemu mke wake. Alikuwa kitandani, mgonjwa, ameshika karatasi ya rangi za magari. Aliweka kidole, akasema, "Hii. Na usiiache ipauke kama ile ya zamani." Gari lenyewe hakuwahi kuliona.

Ile ya zamani ilikuwa buluu pia. Sasa boneti yake iliegemea ukuta wa karakana, imepauka kama jivu. Jua liliila. Vumbi nalo lilisaidia. Barabara ya pale iliahidiwa lami na wakubwa watatu, mmoja baada ya mwingine. Wote walipita wamefunga vioo, wakawaachia watu vumbi.

Marehemu alikuwa na tabia moja. Mumewe akimaliza meza, yeye alifumba macho na kupitisha kiganja juu yake. Akigusa mahali penye kuparuza, alisema, "Hapa ulichoka." Wala hakukosea.

Jumamosi seremala alirudi kutoka dukani na kopo la polishi ya gari. Binti yake, aliyeendesha pikapu kupeleka samani kwa wateja, alilitazama kopo kwa wasiwasi.

"Baba, unajua inavyotumika?"

"Mama, mimi nimeng'arisha meza miaka thelathini. Kitu haking'ai mpaka kisuguliwe."

"Lakini hii si meza."

"Ndiyo maana nitasugua zaidi!"

Alichukua kitambaa cha karakana. Jua lilikuwa utosini na boneti ilikuwa ya moto. Akasugua kwa nguvu zote, jasho likimtiririka. Binti alizunguka upande wa pili. Akasimama ghafla.

"Baba, hebu njoo utazame ukiwa huku."

Seremala akaenda. Jua lilipopiga boneti, aliona mikwaruzo midogo ya mviringo, kama utando wa buibui. Ilienea kiasi cha sinia.

Akilini alikiona kile kidole cha mkewe juu ya karatasi.

"Nimwite Bunduki?" binti aliuliza taratibu.

"Mwite. Ila asije na maneno mengi."

Bunduki alikuwa fundi wa kupaka magari rangi, jirani yao. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya bunduki yake ya kupulizia rangi. Alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu. Alikuja mara moja, na maneno mengi.

"Shemeji! Gari la siku kumi unalichuna ngozi?"

"Nalilinda."

"Unalilinda au unalipiga msasa? Lete hilo kopo." Akachota kidogo. "Haya, sugua hii kati ya vidole. Unasikia nini?"

Seremala akasugua. "Chenga," alisema. "Ndogo kuliko unga."

"Ndizo hizo. Hii ni polishi ya kukata. Inakula rangi ya juu kidogo kidogo. Ni dawa ya rangi iliyochakaa. Gari lako haliumwi, unalinywesha dawa ya nini? Juu ya hii buluu kuna vanishi, nyembamba kuliko karatasi. Ukiimaliza, hairudi."

"Vanishi?" Seremala aliinua kichwa. "Si ungesema tangu mwanzo! Vanishi nzima haiguswi na msasa. Hilo nalijua nikiwa usingizini."

"Ningesema saa ngapi, na wewe hukuniuliza?"

"Niulize nini, wakati kopo lina maandishi? Maandishi yenyewe ya lugha ya waliosoma! Wanaoruhusu liuzwe hivyo hawasugui gari kwa mikono yao."

"Hawasugui, kweli. Lakini mdomo unao, shemeji. Siku nyingine muulize muuzaji: hii inakata au inalinda? Inayolinda ni nta. Gari jipya linataka nta tu."

"Na gari lililopakwa rangi upya gereji?" binti aliuliza.

"Hilo usilipake nta haraka. Rangi yake hukauka polepole kwa ndani. Muulize fundi aliyeipaka. Mara nyingi atakwambia mwezi, au zaidi. Rangi ya kiwandani ilikaushwa kwa joto kali, haina shida."

"Basi tupake sasa hivi," seremala alisema.

"Weka mkono kwenye boneti."

Aliuweka, akautoa upesi.

"Umeona? Ikiwa ya moto hivyo, nta inakauka kabla hujaieneza. Lisogezeni kivulini. Nitarudi likipoa."

Alasiri Bunduki alirudi na kopo la nta na vitambaa laini. Alimkuta binti ameshika sabuni ya unga.

"Hiyo ni ya mashuka, mwanangu! Tumia sabuni ya gari. Ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia sponji, mchanga usirudi kwenye gari. Na wewe shemeji, nakuona kila asubuhi na mkono wako wa shati. Vumbi kavu lisifutwe. Limwagie maji kwanza."

Gari lilipooshwa na kukaushwa, Bunduki alitengeneza ile sehemu iliyokwaruzwa. Alitumia polishi laini sana, tena kwa mkono mwepesi. Utando ulifutika. Ilibaki mistari miwili.

"Hii naiacha," alisema. "Nikiifuata, nitakula vanishi zaidi."

Kisha akampa seremala nta. "Kidogo, kama unampaka mafuta mtoto mchanga. Sehemu moja moja. Ikipata ukungu, ifute."

Seremala alipaka boneti, akasubiri, akafuta. Buluu ikatoka, nzito na safi. Akahamia mlango mmoja wa gari, kisha wa pili. Hakuna aliyemwambia afanye haraka.

Miezi minne ikapita. Vumbi la wakubwa lilikuwa palepale. Lakini mvua iliponyesha, maji yalijikusanya juu ya boneti kuwa matone na kuteremka. Kinyesi cha ndege kilitoka kwa kitambaa chenye maji, bila kuacha alama. Siku matone yalipoanza kutandaa, seremala alijua nta imekwisha. Aliosha gari kivulini, akapaka nyingine.

Alipomaliza, binti alikuja nyuma yake. Akafumba macho. Akapitisha kiganja juu ya boneti, polepole, mpaka mwisho.

Seremala alisubiri, kitambaa mkononi.

"Hapa hukuchoka, Baba," binti alisema.