Philipo Asishike Mpira Huo

"Philipo asishike mpira huo! Amenunuliwa!"

Aliyepiga kelele hizo ni mimi.

Uwanja mzima ukanigeukia. Kocha Njenga akaganda, mpira mkononi. Na Philipo, rafiki yangu, mtu ninayeishi naye chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, akasimama katikati ya vumbi akinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini.

Jamaa zangu, msinihukumu bado. Nipeni nafasi nieleze.

Naitwa Wayne. Nilimaliza chuo Nairobi nikaja Doha, na sasa nafanya kazi mapokezi ya hoteli. Ukiniuliza ninachopenda katika mji huu, nitakujibu neno moja: Ijumaa.

Ijumaa tunapanda basi hadi Industrial Area. Huko, nyuma ya gereji, vijana wetu wa Kenya na Uganda wanacheza besiboli. Wengi ni walinzi na mafundi. Wiki nzima wanapokea amri. Ijumaa wanaitwa kwa majina yao.

Na kiwanja hicho tulikuwa karibu kukipoteza.

Timu ya Wafilipino ilikitaka saa zile zile. Msimamizi wa kambi ya wafanyakazi yenye kiwanja hicho akakata maneno: chezeni fainali, atakayeshinda achukue Ijumaa. Atakayeshindwa atafute pengine.

Pengine hapakuwepo.

Shida yetu ilikuwa Philipo.

Kama huujui mchezo huu, ni hivi. Mrushaji wa kwanza, kwetu sisi Arnold, anawarushia wapigaji wa wapinzani mpaka mkono unachoka. Hapo anaingia mrushaji wa akiba. Kazi yake ni kulinda uongozi mpaka mwisho, basi.

Msimu mzima Arnold alimwachia Philipo mechi tukiwa mbele. Msimu mzima tulirudi nyumbani tumeshindwa. Mipira yake ilipita kando, ilipita juu ya vichwa vya watu, mmoja ulivunja kioo cha gari la kubeba maji...

"Huyu hata ukimpa chai akushikie," Scovia, shabiki wetu mkuu, alikuwa akisema, "utarudi ukute kikombe kitupu."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Moyo uliniuma, kwa timu na kwake pia.

"Philipo, shida ni nini?" nilimuuliza siku moja. Tulikuwa tunagombania kioo kama kila asubuhi, yeye akinyoa ndevu, mimi nikifunga tai, viwiko vikigongana.

"Mkono, Wayne. Haunisikii."

"Si umwambie kocha?"

"Nilimwambia."

Akasuuza wembe, akaendelea kunyoa.

Halafu, Ijumaa moja kabla ya fainali, nikamwona nyuma ya gereji. Alikuwa na Nestor, nahodha wa Wafilipino. Nestor alimfungulia mfuko mweusi. Philipo akachungulia ndani... akatabasamu. Tabasamu hilo sikuwa nimeliona msimu mzima.

"Siku ya fainali ndiyo nitakupa," Nestor alisema. "Ila usimwambie mtu. Wenzangu wataniua."

"Sitasema," Philipo akajibu, na wakapeana mikono.

Nilijiambia nimesikia vibaya. Nilitaka sana niwe nimesikia vibaya! Wiki nzima nilimngoja aniambie kitu. Alikula, akalala, akaenda kazini.

Sasa mnajua nilivyokuwa siku ya fainali.

Raundi ya mwisho. Tunaongoza kwa pointi moja. Tunahitaji kuwatoa wapigaji watatu tu, na kiwanja kiwe chetu. Arnold hakuweza tena kuinua mkono. Kocha hakuwa na mrushaji mwingine, akamwita Philipo.

Ndipo nikapiga zile kelele.

"Una ushahidi?" Kocha akaniuliza.

"Nilimwona na Nestor wiki iliyopita. Nestor ana mfuko, alimwahidi atampa leo."

Minong'ono ikapanda. Scovia akashika kichwa, akalia kwa Kiganda. "Banange, Philipo..."

Philipo hakujitetea. Hakunitukana. Alitembea taratibu hadi upande wa wapinzani, akanyoosha mkono.

Na Nestor, mbele ya watu wote, akautoa mfuko ule mweusi.

"Mmeona?" nikasema.

Philipo akaingiza mkono ndani ya mfuko ule, akatoa... glavu.

Glavu kuukuu ya ngozi. Akaivaa mkono wa kulia.

Ilinichukua muda kuelewa. Mrushaji huvaa glavu kwenye mkono usiorusha. Sisi sote huivaa kushoto. Philipo ameivaa kulia, maana yake atarusha kwa...

"Wewe ni wa mkono wa kushoto?" nikauliza kama mjinga.

"Tangu nizaliwe."

Kocha Njenga aliinamisha uso. "Aliniambia mwanzo wa msimu," akasema polepole. "Glavu za msaada zote zilikuwa za watu wa kulia. Nikamwambia arushe kwa kulia hivyo hivyo, atazoea. Halafu nikasahau."

Msimu mzima. Msimu mzima tulimzomea mtu anayerusha kwa mkono usio wake.

"Nahodha, unawapa glavu yako?" mchezaji mmoja wa Nestor alifoka.

"Mimi pia ni wa kushoto. Nilimwona siku ya kwanza tu," Nestor alisema. "Yeye akirusha, sisi tunapiga. Glavu yangu imekaa bure. Kama kiwanja ni chetu, tukichukue kwa mtu aliye kamili."

Philipo akapanda pale pa kurushia. Hakunitazama.

Mpigaji wa kwanza alikosa mara tatu. Nje.

Wa pili aliugusa, mpira ukapanda juu, mwenzetu mmoja akaudaka. Nje.

Wa tatu akaupiga mbali. Alikimbia mpaka kituo cha tatu, hatua moja tu kabla ya kusawazisha. Nilifumba macho. Haya ndiyo yale yale...

Mpigaji aliyefuata alikuwa Nestor mwenyewe.

Akakosa. Akakosa tena.

Philipo aliushika mpira muda mrefu. Kisha mkono wa kushoto ukapita mara moja hewani, na nikasikia tu mlio wa mpira ukizama kwenye glavu ya mdakaji.

Nje!

Watu walimbeba Philipo. Mimi nilibaki nimekaa. Walipomshusha, nilimwona akimrudishia Nestor glavu yake na kumwambia, "Asubuhi za Ijumaa sisi tunalala. Njooni mchezee hapa. Nitaongea na msimamizi."

Ndani ya basi nilimwomba msamaha. Alitazama dirishani mpaka tukashuka.

Asubuhi nilimkuta kwenye kioo, wembe mkononi. Mkono wa kushoto, kama siku zote. Nikazunguka nyuma yake, nikasimama upande ule mwingine, nikafunga tai.

Viwiko havikugongana.

"Leo ndio umejua kuhama?" akasema.

"Leo ndio nimeona."

Akanisogezea kioo kidogo.

Wapendwa, kuna mtu mnamlaumu kila siku kwa kuangusha mlichompa. Kabla ya kupiga kelele kama mimi, mtazameni vizuri. Huenda mlimpa kazi, mkamfunga mkono anaoutumia.