Maji ya Moto Kule Granada

Kila Hidaya alipovua koti lake mlangoni, alikuta mgongo wa koti umelowa. Si mabega, ambayo mvua ya Brussels haiyapi nafasi, wala si kofia. Palilowa katikati ya mgongo tu, duara la ukubwa wa sahani, na maji yenyewe yalikuwa ya vuguvugu. Wiki ya kwanza aliulaumu mkoba. Wiki ya pili aliuacha mkoba nyumbani, akalowa vilevile.

Tena alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Alirudi Januari kutoka Granada, alikokaa miezi minne akisoma Kihispania kwa mpango wa chuo chake, na tangu ashuke kwenye ndege miguu ilikuwa mizito. Ngazi za ghorofa ya nne pale Berchem-Sainte-Agathe alizipanda kwa vituo. Darasani alisinzia mdomo wazi, yeye aliyezoea kujidai kwamba halali mbele za watu. Mama yake, Fatuma, anayehudumia wazee kazini na anayeujua uchovu kwa jina na kwa sura, alimpikia uji wa ulezi, akamnunulia vitamini, mwisho akamwambia aache simu. Kina mama wakishindwa na ugonjwa, hulaumu simu.

Kwenye tramu watu walianza kumpisha. Bibi mmoja wa Kibelgiji, mwenye fimbo yake mwenyewe, alinyanyuka akamwambia, "Asseyez-vous, madame," huku akimtazama kwa ile huruma wanayotazamwa nayo wazazi wapya. Siku nyingine mtoto aliyepakatwa kiti cha nyuma alicheka, akanyoosha biskuti yake juu ya bega la Hidaya. Hidaya alisikia ikitafunwa karibu na sikio lake. Aliposhuka, makombo yalikuwa kwenye ukosi wa koti.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Na nyumbani tayari kulikuwa na la kutosha. Dada yake Aïcha alikuwa amejifungua mwezi huohuo, mtoto wa kiume, Abdul-Aziz, na mtoto alikuwa anapungua. Mkunga alikuja na mizani yake, akapima, akapima tena. Akasema wiki ijayo ikiwa hivi, ni hospitali.

Wakati huo Hidaya alikuwa analala chumba kimoja na dada yake. Jumamosi jioni, taa za barabarani zimeshawaka, alikaa ukingoni mwa kitanda Aïcha akinyonyesha. Aïcha akainua uso.

"Hidaya, toka kwanza."

"Kwa nini?"

"Ukikuwa hapa, maziwa inaenda."

"Inaenda wapi, Aïcha?"

"Sijue," Aïcha alinong'ona, na machozi yalikuwa yameshamjaa. "Nasikia ananyonya. Alafu naangalia, mutoto amelala, kinywa wazi. Hanyonye. Lakini nasikia."

Hidaya naye akasikia. Abdul-Aziz alikuwa amelala kweli, midomo mikavu, kichwa kimeanguka kwenye mkono wa mama yake, lakini sauti ya kunyonya ilikuwa inaendelea, taratibu, kwa pupa na kwa kushiba, na haikutoka kifuani kwa Aïcha bali nyuma ya sikio lake yeye Hidaya, ikiambatana na pumzi ndogo yenye joto na harufu aliyoitambua kabla hajataka kuitambua, harufu ya kuku aliyetumbukizwa kwenye maji yanayochemka ili anyonyolewe. Alitoka chumbani kinyumenyume. Sebuleni alimweleza mama yake kila kitu, na Fatuma hakusema tena habari za simu.

Kesho yake asubuhi wakaenda Saint-Josse, kwa Maman Rukiya, mzee wa Buyenzi, kule Bujumbura, aliyezisomea Kurani nusu ya nyumba za Warundi wa mji huu. Anakaa juu ya duka la vitambaa. Alimgeuza Hidaya, akaweka kiganja mgongoni, akakiondoa haraka.

"Bon," alisema polepole. "Kule Espagne, maji ya moto ulikuwa unamwanga wapi?"

"Kwenye uwanja wa nyumba. Kuna tundu. Évier ya jikoni ilikuwa imeziba."

"Ulikuwa unasema bismillah?"

Hidaya akainamisha kichwa. Kwao, tangu Bujumbura, hakuna anayemwaga maji ya moto bila kusema bismillah na kungoja kidogo, ili wanaokaa huko chini wakusanye watoto wao. Granada alisema hivyo wiki ya kwanza. Wenzake wa nyumba wakamuuliza anaongea na nani, wakacheka, na hawakucheka kwa ubaya. Wiki ya pili akasema kimoyomoyo. Wiki ya tatu hakusema, maana aliona haya, na haya ndiyo iliyomponza. Siku moja alimwaga sufuria zima la maji ya viazi, na chini ya tundu kitu kikalia.

"Nilisema ni paka," alinong'ona. "Lakini nilijua, Maman Rukiya. Nilijua hapohapo. Nikaingia ndani kula."

"Ni mutoto," Maman Rukiya alisema. "Ameungua mubaya. Mama yake ndiye alikuwekea ku mugongo. Weye ulimuunguza, weye utabeba."

"Alors msomee!" Fatuma alidakia. "Mfukuze!"

"Fatuma, kwako kuna mutoto wa maziwa. Nikifukuza huyu, atakimbilia wapi?"

Jibu lilikuwa limelala Berchem, midomo mikavu.

"Amurudishe kwa mama yake, ku tundu ileile," Maman Rukiya aliendelea, kisha akamgeukia Hidaya. "Umubebe na kitenge, mutoto yangu. Njiani usifungue. Na usilale. Ukilala, atashuka, atarudi kwenye maziwa."

"Na mama yake atanifanya nini?"

"Hiyo sijue," Maman Rukiya alisema.

Ndege yenye nafasi ilikuwa ya Alhamisi, na Abdul-Aziz hakuwa na siku hizo. Jumatatu alfajiri walisimama Gare du Nord penye mabasi ya mbali. Fatuma alitaka kwenda naye. Hidaya akakataa, akasema Aïcha asiachwe peke yake. Basi Fatuma akatoa kitenge chake cha kijani, akamwinamisha mwanawe, akakitandaza juu ya mgongo ulioonekana mtupu na kukifunga kwa mikono iliyobeba watoto watano. Akavuta ncha. Kitenge kikakataa kulala bapa. Kikajaa, kikatulia, na sehemu yake moja ikaanza kulowa.

Fatuma akaziba mdomo. Kisha, kwa mazoea tu, maskini, akalipigapiga lile tuta kwa kiganja, kama wanavyopigwapigwa watoto wote.

Dereva alikagua tiketi, akachungulia juu ya bega la Hidaya. "Na huyu mdogo, anakaa wapi?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Juu ya magoti yangu," Hidaya alijibu.

Alikaa dirishani, akakizungusha kitenge mbele bila kukifungua. Uzito ukashuka mapajani. Simu ikalia: ujumbe wa Aïcha. *Amenyonya. Ameshiba kabisa. Amelala.* Hidaya akalia kimyakimya, kwa furaha na kwa uchovu, asijue kipi kinamliza zaidi. Ndipo alipokumbuka kwamba katika wiki zote hizi hakuna aliyempa pole huyu mtoto. Akainama. Akamwomba radhi kwa Kihispania, lugha ya kwao huyo mtoto, ile aliyokwenda kuisoma: "Perdóname, mi niño. Tunakwenda nyumbani."

Ndani ya kitenge kitu kikajigeuza. Kidole kidogo, laini, kisicho na ngozi, kikatafuta kidole chake na kukishika. Sauti ikajibu, na haikujibu kwa Kihispania. Ilijibu kwa lafudhi ya nyumbani kwao, ya Fatuma na ya Aïcha.

"Sitake kule. Turudi kwa Maman Aïcha."

Hidaya akakaza fundo, akalishika kwa mikono miwili. Mlango wa basi ukafungwa, joto likawashwa, taa zikazimwa ili abiria wapumzike. Granada ilikuwa mwendo wa siku nzima na usiku wake. Hawajatoka hata mjini, macho yakaanza kujifumba yenyewe.