Mistari Minne ya Uongo

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kuchemsha uji, kufagia nyuzi chini ya cherehani, na kumpelekea mama yake kidonge kimoja na glasi ya maji. Mama akishameza, Chiriku alichukua chaki bapa ya kuchorea vitambaa, akachora mstari mmoja ukutani kando ya meza ya kukatia. Kila Jumapili shangazi yake alikuja kuihesabu mistari hiyo. Akikuta saba, alisema, "Haya, wiki imekwenda salama," kisha akaifuta kwa kitambaa.

Jina la Chiriku alipewa na baba yake kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Baba huyo alifariki mwaka uliopita. Tangu alipozikwa, mama, fundi aliyetegemewa na mtaa mzima, hakushona tena. Alishinda kitandani akitazama ukuta, hali mpaka abembelezwe, haogi mpaka asukumwe. Watu walisema ni majonzi tu, yatapita. Hayakupita. Mwishowe shangazi alimshika mkono akampeleka zahanati, na daktari akasema ni sonona, ugonjwa kama magonjwa mengine, na dawa yake ipo.

Wiki za kwanza hakuna kilichobadilika. Mwezi wa pili mama akaanza kuamka mwenyewe. Siku moja Chiriku alipotoka shule alisikia cherehani ikinguruma ndani, akasimama mlangoni akalia kwa furaha.

Hapo ndipo Redio alipotia mguu. Redio alikuwa jirani yao, na aliitwa hivyo kwa sababu habari ya mtu haikulala kwake. Alikuja kupimwa sketi, macho yake yakatua kwenye chupa ya dawa.

"Mwenzangu, bado unameza haya madubwana? Si umeshapona? Utazizoea hizo, ushindwe kuziacha!"

Mama alitabasamu tu, akaendelea kumpima kiuno, kazi ambayo haikuwa ndogo. Lakini siku iliyofuata, uwanjani shuleni, binti wa Redio aliwaambia wenzake, "Mama yake huyu anakunywa dawa za wehu." Watoto wakacheka.

Jumatano asubuhi alisimama mbele ya mama na kidonge mkononi. "Mama, si umeshapona? Basi acha. Wananicheka."

Mama aliweza kustahimili mengi, lakini si kumwona mwanawe akiona haya kwa ajili yake. "Kirudishe kwenye chupa," alisema. "Ila shangazi yako asijue, atakuja juu."

Chiriku akakirudisha. Kisha, ili shangazi asigundue, akachora mstari kama kawaida. Alhamisi akachora wa pili, Ijumaa wa tatu.

Mama alianza na kizunguzungu. Kikafuata kichefuchefu na usingizi wa kurukaruka. Alisema anahisi kama umeme unampita kichwani. Alimfokea Chiriku kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, kisha akamwomba msamaha, kisha akafoka tena. Jumamosi, muda mfupi baada ya mstari wa nne, Chiriku alimkuta mezani akilia bila sauti. Mbele yake kulikuwa na mikono miwili ya shati la mteja, na yote miwili ameikata ya upande wa kushoto.

"Tazama," mama alisema. "Hata mkono wa shati umenishinda. Sifai kitu mimi."

Maneno hayo Chiriku aliyafahamu. Aliyasikia mwaka mzima uliopita, na alidhani yameondoka.

Mama akafungua chupa, akamimina vidonge kiganjani. "Vinne nimeviruka, pamoja na cha leo. Nikivimeza vyote sasa hivi nitakaa sawa."

"Mama, ngoja! Daktari alisema kimoja."

"Niache, mwanangu."

Chiriku aliking'ang'ania kile kiganja kwa mikono yote miwili. "Tuulize kwanza. Tafadhali, mama. Nikikukosa na wewe, nitabaki na nani?"

Vidole vya mama vililegea, vidonge vikatawanyika juu ya kitambaa. Chiriku alivikusanya, akaichukua chupa, akakimbia mpaka duka la mikate la mtaa wa pili, alikofanya kazi shangazi.

"Shangazi, mistari ya wiki hii ni ya uongo," alisema akihema. "Minne. Mama hajameza. Mimi ndiye niliyemwambia aache."

Alingoja kugombezwa. Shangazi alivua aproni yenye unga, akaiweka juu ya kaunta. "Nimeshamzika kaka yangu," alisema. "Wifi yangu simpotezi kwa midomo ya watu. Twende."

Walimpitia mama nyumbani wakaenda zahanati, na daktari aliwasikiliza bila kuwakatiza. Alimuuliza mama maswali mengi, mengine kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Kizunguzungu hicho ni mwili unaolalamika kwa kukatiziwa dawa ghafla. Leo utameza kimoja tu. Vilivyopita vimepita, havifidiwi. Kuvimeza kwa pamoja kungekudhuru. Kuona nafuu maana yake dawa inafanya kazi, si kwamba kazi imekwisha. Wakati wa kuacha ukifika, mimi mwenyewe nitakupunguzia kidogo kidogo. Na likija lile wazo kwamba hufai, usikae nalo peke yako. Mwambie mtu siku hiyohiyo."

Akamgeukia shangazi. "Chupa ikae kwako, ifungiwe. Kulinda dawa si kazi ya mtoto."

Kwa hiyo shangazi akawa anapita kila asubuhi kabla ya kazi. Lakini dawa hii haina haraka, na mama alirudi kitandani. Mteja alikuja kuchukua kitambaa chake kilichoharibika, akaondoka amenuna. Shuleni Chiriku alimwambia binti wa Redio, "Mama anaumwa, na anakunywa dawa. Hata mama yako akiumwa hunywa." Wengine walicheka tena, wengine hawakucheka.

Alasiri moja aliketi ukingoni mwa kitanda. "Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyekurudisha nyuma."

Mama alijisogeza akampa nafasi. "Nisikilize vizuri. Mtu mzima ni mimi, na niliyeacha dawa ni mimi. Dawa haiachwi kwa maneno ya jirani wala kwa machozi ya mtoto, huachwa kwa neno la daktari. Wewe ulikosea kuficha, nami nilikosea kukutuma ufiche. Lakini ulipoona hatari ulisema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungenyamaza siku ile..."

Alimpangusa mwanawe uso kwa kiganja.

"Umekuwa mama yangu mwaka mzima," alisema. "Inatosha. Sasa njoo niwe mama yako."

Chiriku alijilaza ubavuni mwake. Siku ya mazishi hakulia, kwa kuwa alihitajika mtu wa kumshika mama. Sasa mama alikuwa amemshika yeye, naye akamlilia baba yake mpaka akalala.