Taa Iliwaka, Gari Likagoma

Kila Jumamosi asubuhi, Maswali alifagia karakana ya mama yake. Jina hilo alibandikwa na babu, maana tangu ajue kusema hakuwahi kuacha kuuliza. Akishafagia, alipanga koleo kwa ukubwa na kuzitundika nyaya ukutani. Mama alikuwa fundi umeme wa magari. Babu alikuwa fundi redio, na meza yake ilikuwa pembeni mwa karakana hiyohiyo, chini ya dirisha.

Siku hiyo palikuwa na gari la mkunga. Waya mnene utokao kwenye betri kwenda kwenye stata, ile mota inayoliamsha gari, ulikuwa umeliwa na kutu mwishoni. Mkunga alitarajiwa kulifuata gari lake saa nne, awazungukie wajawazito wake.

"Naitwa mtaa wa pili, kuna lori limezimika," mama alisema. "Kata huo mwisho mbovu, uvike kichwa kipya cha shaba, halafu ubane kwa koleo kubwa. Mara mbili, kama nilivyokufundisha. Usifunge utepe mpaka nione."

"Bila kulehemu, mama?"

"Bila kulehemu." Na huyoo, akaenda zake.

Maswali akabaki anajikuna kichwa. Jana tu alimsikia babu akijigamba, "Kiungo kisicholehemiwa ni uchumba, bado si ndoa!" Babu alitengeneza redio miaka thelathini, na redio zake zinaimba mpaka leo. Mama naye magari yake yanatembea. Sasa ashike la nani? Angemuuliza babu, lakini babu alikuwa amekwenda kunyolewa.

Alifikiri, akafikiri tena, akazidi kuchanganyikiwa. Mwishowe akajiambia kuwa mama alikuwa na haraka tu, na kwamba akifanya vizuri zaidi ya alivyoagizwa, atasifiwa. Akakata mwisho mbovu, akavika kichwa kipya, akachukua kile chuma kidogo cha babu cha kulehemia, akakipasha moto, akayeyusha lehemu juu ya kichwa cha shaba. Iling'aa, ikapendeza. Akavuta waya, haukuchomoka. Akaufunga kwenye betri na kugusisha taa ya kupimia kwenye ncha ya pili. Pwaa, ikawaka. Kama taa inawaka, mama aone nini tena? Akakifunika kiungo chake kwa utepe mweusi, akaufunga waya kwenye stata.

Mkunga alifika saa nne kamili, mkoba begani. Akaketi, akazungusha ufunguo.

"Tk," gari likasema. Basi. Akazungusha tena na tena. "Tk."

Maswali akakimbilia taa yake ya kupimia. Ikawaka vilevile. Lo! Umeme upo, waya upo, taa inawaka, gari limegoma. Makubwa haya! Hakuelewa hata chembe.

"Labda ni betri, mama mkunga," alisema kwa sauti ndogo.

Hapo simu ya mkunga ikalia. "Uchungu umeanza? Tangu saa ngapi?" Uso wake ukabadilika. "Mwambie apumue taratibu. Nakuja, nakuja."

Mama aliingia wakati huohuo, akasikia. "Waya uliubana?" akamuuliza bintiye.

"Ndiyo, mama."

Mama akamwamini. Hilo ndilo lililomuumiza Maswali kuliko kofi. Mama aliinama pale pale, akaanza kuifungua betri nzuri isiyo na kosa lolote, huku mkunga akitazama saa. Maswali akaugusa utepe wake. Akarudisha mkono upesi, maana utepe ulikuwa wa moto. Mbona unachoma? Alikuwa hajui lolote sasa, ila jambo moja tu: mama anatafuta ubovu mahali usipokuwepo, na kuna mtu anasubiri kujifungua.

"Mama, acha betri!" sauti ilimtoka kwa kilio. "Sikubana. Nililehemu, nikafunika na utepe. Nimekudanganya."

Mama aliiacha betri. Alikata kiungo kile, akapasua kile kichwa cha shaba. Nje lehemu inang'aa. Ndani nyuzi ni kavu, lehemu imezishika chache tu za juu. Akavika kichwa kipya na kumkabidhi bintiye koleo kubwa. "Bana."

"Mimi tena?"

"Wewe. Nami naangalia."

Maswali alibana kwa nguvu zake zote, mara mbili. Wakaufunga waya, na mkunga akazungusha ufunguo. Gari likanguruma. Mkunga akacheka, akatoa kichwa dirishani. "Mwanangu, kazini kwangu naliona kila siku: mficha uchi hazai!" Akaondoka mbio, vumbi likabaki.

Babu alirudi na upara wake mpya, akasimuliwa yote. Akakishika kile kiungo kilichopasuliwa, akashusha pumzi. "Mjukuu wangu, mimi naongea na nyuzi nyembamba kama nywele. Chuma changu hakiwezi kupasha waya wa unene huu. Moto wake unaishia juu juu."

"Lakini taa iliwaka, babu!"

"Taa inataka tone la umeme," mama alijibu. "Stata inataka ndoo nzima. Umeme mwingi ukilazimishwa kupita penye upenyo mdogo, hapo ndipo panapochemka. Na hata ungelehemu vizuri, waya hukakamaa pale lehemu inapoishia. Gari likitikisika barabarani, hukatika hapohapo ulipokakamaa. Ndiyo maana tunabana mpaka shaba na shaba ziwe kitu kimoja."

"Kwa nini hukuniambia hivyo asubuhi?"

Mama akaliweka koleo mezani. "Hapo nina kosa. Nilikuachia amri, sikukuachia sababu."

Saa sita simu ya mama ikalia, ni mkunga. Mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima. Maswali akaketi chini, machozi yakamtoka bila kujizuia.

Mama akaketi karibu naye. "Sikiliza, mwanangu. Kutoelewa si kosa. Hata sisi wazee leo tumejifunza. Ungenisubiri ukaniuliza, ningekujibu. Ungeniambia ukweli mara ya kwanza, mkunga angeondoka mapema. Kosa lako ni kukifunika usichokielewa."

Akauchukua ule utepe mweusi mezani, akamwekea mkononi.

"Utautunza wewe. Na hutaufunga mahali popote kabla hujaniuliza maswali yako yote."