Baba Mkwe Mgongoni

"Mzee, toa kofia usoni nikuvalishe barakoa ya hewa!"

Mzee akatikisa kichwa, akazidi kuibana pama yake usoni kwa mikono miwili. Alinanuswe akaivuta huku, mzee akaivuta kule. Mlima Rungwe unawaka chini yao, na watu wazima wawili wanagombea kofia ndani ya helikopta!

"Kasim, huyu mzee kachanganyikiwa," alimwambia rubani kwenye redio.

"Ing'oe hivyo hivyo. Asije akatufia humu."

Akaing'oa. Mzee akafumba macho, machozi yakamtoka, akageuzia uso dirishani. Alinanuswe akadhani ni moshi tu unaomliza.

Kazi yake siku zote ni kukaa mlangoni na kumwelekeza rubani pa kumwaga maji ya ile ndoo kubwa inayoning'inia chini ya helikopta. Lakini mchana ule walimwona mtu akipunga shati katikati ya majani yanayowaka. Wakaiachia ndoo, Kasim akatua kwenye uwazi mdogo, na Alinanuswe akaruka. Mzee alikuwa ameungua miguu yote miwili. Akambeba mgongoni, akatimua naye mbio.

Saa kumi alikuwa amekaa uwanjani Tukuyu, anakula ndizi ya kuchoma, simu ikaita. Alikuwa Hezron, mchumba wake. Harusi yao ilibakiza siku tisa.

"Alina, ni wewe uliyemtoa mzee mlimani?"

"Ni mimi. Umejuaje?"

"Yule ni baba."

"Baba wa nani?"

"Baba yangu mimi! Mkweo!"

Ndizi ikamdondoka. Tangu ng'ombe wa mahari wafike kwao Matwebe, Alinanuswe aliishika mila ya Wanyakyusa bila kuruka hata siku moja: mke wa mtoto haonani na baba mkwe, na akimsikia njiani anajificha migombani. Kwa heshima hiyo hakuwahi hata kuijua sura yake. Leo amembeba kama mtoto mchanga na kofia amemnyang'anya! Aibu gani hii?

"Hezron, wallah... Mungu wangu, sikumjua!"

"Ungemuuliza jina!"

"Kwenye moto? Kwa hiyo ulitaka nimwache aungue?"

Alinanuswe alisikia watu wakibishana nyuma ya Hezron. Simu ikakatika.

Haikupita muda, meseji ikaingia:

"Usije hospitali. Ukoo unasema umemvunjia mzee heshima. Nimewaambia hata mimi sikujua unafanya kazi ya helikopta. Harusi isubiri."

Sikujua? Hezron huyu huyu aliyempiga picha mlangoni mwa hiyo helikopta? Aliisoma meseji mara tatu. Alikuwa bado anaitazama wakati simu ilipoita tena.

"Mwanangu, ni mama Hezron. Mzee anakuita."

"Ananiita mimi, mama?"

"Hata mimi nimeishiwa maneno. Njoo."

Wodini walikuwa wametundika khanga kando ya kitanda iwe pazia. Hezron alisimama ukutani, macho chini. Alinanuswe akapiga magoti upande wa pili wa khanga.

"Nisamehe, baba. Sikukujua."

"Mimi nilikujua," sauti ya mzee ikajibu, imekwaruzwa na moshi. "Jina lako limeandikwa kwenye ovaroli, kifuani. Nikajifunika kofia nikulindie heshima, mwanangu. Ukanishinda nguvu!"

Mama Hezron alitaka kucheka, akajibana.

"La pili. Ule moto niliuwasha mimi. Nilipanda kurina asali ya harusi yenu, mwenge wa kufukuzia nyuki ukaniponyoka. Watu wa msitu nimeshawaambia, na adhabu yangu naingoja. Sasa nani kamvunjia mwenzake heshima?"

Mzee akamgeukia mkewe.

"Agness, vuta hiyo khanga."

"Baba Hezron! Na mila je?"

"Mila ni kuheshimiana. Huyu ameniheshimu ndani ya moto. Ukoo nitaujibu mwenyewe. Vuta!"

Khanga ikavutwa. Kwa mara ya kwanza mkwe na mkwe wakatazamana bila kofia katikati.

"Ndaga fijo, Alinanuswe," mzee akashukuru, akamtaja kwa jina. Alinanuswe akalia waziwazi.

Hezron akaruka mbele.

"Basi, yameisha! Harusi ipo palepale!"

Alinanuswe akainuka, akafuta uso.

"Nisomee kwanza meseji yako. Kwa sauti."

"Mbele za wazee, Alina?"

"Ulisema hukujua kazi yangu. Ile picha aliipiga nani?"

"Niliogopa maneno ya watu, mpenzi wangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nakupenda, Hezron, na inaniuma hapa moyoni. Lakini siku nikiungua mimi, utauliza kwanza watu watasemaje."

Akavua pete, akamwekea kiganjani.

Mama Hezron akashika kichwa.

"Yesu wangu! Na ng'ombe je? Baba Hezron, si itabidi warudi?"

Mzee akajiinua kwa viwiko, akamtazama mwanawe, kisha akamtazama Alinanuswe.

"Hakuna ng'ombe wa kurudi. Nilitoa ng'ombe nipate binti. Binti nimempata."