Chumba Nyuma ya Ukuta wa Mawe

Kila Jumamosi asubuhi, akishachota maji na kufagia uwanja, Jenoveva alimpitia rafiki yake Beatha, wakaenda pamoja kwenye klabu ya kompyuta ya shule yao mjini Same. Jumamosi hizi mbili alikwenda peke yake. Beatha alikuwa na ugonjwa wa selimundu, na maumivu ya viungo yalikuwa yamemlaza hospitali wiki ya pili sasa.

Klabuni mlikuwa na kompyuta nne kuukuu na gemu moja ya zamani: kijitu kinakimbia, kinaruka mashimo, kinapanda ngazi hadi kwenye bendera. Mwalimu Paschal aliwaagiza wanafunzi wachore hatua zao wenyewe za gemu hiyo kwenye karatasi za miraba. Itakayoshinda angeiingiza kwenye kompyuta.

Jenoveva alichora mara tatu, akafuta mara tatu. Alipokwenda kumwona mgonjwa, Beatha alimpa karatasi iliyokunjwa.

"Nipelekee kwa mwalimu," alisema kwa sauti hafifu. "Nimeichorea hapahapa kitandani. Mkono ukiuma, napumzika."

Nyumbani Jenoveva aliikunjua. Palikuwa na milima, makorongo na madaraja, kila mraba umejazwa kwa uangalifu. Wivu ukamkaba. Alichukua kifutio, akalifuta jina la Beatha, akaandika lake.

Jumamosi iliyofuata hatua ile ilionekana kwenye kioo cha kompyuta.

"Tazameni," alisema Mwalimu Paschal. "Shimo la kwanza ni fupi, halina miiba. Ukianguka, unapanda tena. La pili ndilo linalokupima. Aliyechora hivi anamjali atakayecheza. Mpigieni Jenoveva makofi!"

Makofi yale yalimwasha kama upupu.

Sefu, kijana wa darasa la saba, ndiye aliyecheza. Badala ya kwenda mbele alikirudisha kijitu nyuma, hadi kwenye ukuta wa mawe.

"Gemu za zamani hupenda kuficha vitu huku ambako watu hawageuki," alisema.

Kijitu kikapenya ukutani, kikatokea kwenye chumba cha siri kilichojaa sarafu. Kwenye karatasi zilikuwa vitone tu, na Jenoveva hakuvijali. Sasa zilimeremeta, zimepangwa kuwa herufi: JENO NA BEATHA.

"Kumbe mlichora wawili?" Sefu aliuliza.

Ilikuwa rahisi kuitikia. Neno moja tu, na mambo yangeishia hapo. Jenoveva alisimama.

"Hapana," alisema. "Kachora Beatha peke yake. Mimi nilifuta jina lake." Akaangua kilio mbele ya wote.

Mwalimu hakufoka. Alichukua karatasi, akaandika upya jina la Beatha, kisha akamwongoza Jenoveva hadi hospitali. Mama Beatha alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Jenoveva alieleza yote, bila kujitetea. Beatha alisikiliza akitazama dari.

"Nilitaka ukikute mwenyewe kile chumba," alisema mwishowe. "Kwa sababu hukuacha kuja kuniona." Kisha akageukia ukutani.

Mama Beatha alimtoa Jenoveva nje.

"Umemuumiza mwenye maumivu," alisema taratibu. "Sifa uliyoiiba, mwenzako alikuwa ameshakugawia. Lakini leo uliona pa kujificha, ukakataa kujificha. Hapo ndipo uaminifu unapoanza, mwanangu, na haumaliziki kwa siku moja. Kesho urudi."

"Akikataa kunisemesha?"

"Urudi hivyohivyo."

Kesho yake Jenoveva alirudi na karatasi tupu ya miraba na penseli mbili. Beatha alikuwa na homa, na midomo yake imekauka. Hakutabasamu. Aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akajisogeza polepole, akikunja uso kwa maumivu, hadi ikapatikana nafasi ya kukaa ukingoni mwa kitanda.

Jenoveva akaketi.