Sumaku ya Bibi Fundi

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia chumba cha mbele, ambako bibi yake, fundi cherehani, alikuwa akishona. Jina hilo la utani alipewa na bibi mwenyewe, maana mdomo wa mtoto huyo haukujua likizo. Kazi yake ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku iliyofungwa kamba, kisha kumvika bibi sumaku hiyo shingoni kama medali.

Majuzi bibi alikuwa amewekewa chini ya ngozi ya kifua kifaa kidogo cha umeme cha kuusaidia moyo upige sawasawa. Sasa alikuwa amerudi kazini kwa furaha, akishona majoho ya wahitimu kwa kitambaa cha nailoni. Hewa ilikuwa kavu. Bibi alikunjua jora, akashika mkasi, na pa! Cheche ikaruka.

"Lo, mkasi umening'ata!" bibi alicheka. "Ni umeme wa kwenye nguo tu."

Chiriku hakucheka. Moyo wa bibi unasaidiwa na umeme, aliwaza. Je, cheche ikiuzima? Bibi alipokwenda kunywa maji, Chiriku alilisukumiza jora mvunguni mwa kitanda.

"Mjukuu wangu, umeliona jora langu?"

"Sijaliona, bibi."

Bibi alipekua nyumba nzima, hadi akaketi akihema. "Labda wanaosema niache kazi wanasema kweli," alinung'unika. "Hata jora zima linanipotea!"

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. Alilivuta jora kutoka mvunguni, akaeleza yote huku akilia.

"Basi, kesho tunakwenda kliniki," bibi alisema. "Swali lako utaliuliza mwenyewe."

Kliniki, Chiriku alimwamkia muuguzi, kisha akauliza bila kigugumizi.

"Cheche ya nguo humshtua mtu mkono tu," muuguzi alijibu. "Kifaa kimekingwa vizuri. Cha kuogopa ni mashine za kuchomelea vyuma, simu kuwekwa kifuani, na sumaku."

"Sumaku?" Chiriku aliruka. "Bibi anaivaa shingoni!"

Bibi aliitoa ndani ya gauni. Ilikuwa imelala karibu kabisa na kovu lake.

"Mama, si tulikuonya?" muuguzi aliuliza.

"Mlinionya, mwanangu. Mimi nikadhani ni yale masumaku makubwa ya viwandani. Kumbe hata haka kadogo ka kuokotea pini!"

Muuguzi alikipima kifaa, akakikuta salama. "Kushona, shona. Hii iondoke kifuani," alisema. "Na mjukuu wako ana akili!"

Nyumbani, bibi aliifunga sumaku kwenye ncha ya ufito mrefu, akamkabidhi Chiriku. Wateja walipokuja kuchukua majoho, aliwaambia kwa sauti, "Mnamwona huyu? Ndiye daktari wangu!" Chiriku alijaa fahari, akauinua ufito wake juu.

Wateja walipoondoka, bibi alimshika bega. "Ulipoogopa ukaficha na kunidanganya, nilikaribia kuacha kazi ninayoipenda. Ulipoogopa ukauliza, umenilinda. Hofu ikikushika tena, useme kweli na uulize wanaojua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

Bibi alishika mkasi. Pa! Wote wawili wakaangua kicheko, na cherehani ikaendelea kunguruma.